Kadi ya Maana ya Tisa

Kile kitenzi cha Kiingereza sikitaji hapa. Kwa miezi minne nilikitaja mpaka ndotoni, na mume wangu ameapa akikisikia tena atahamia stoo na mabomba yake. Ofisini tulikibatiza Bwana Toka. Kazi yake ni kukitoa kitu au mtu kwa nguvu, na ukidhani hilo ni jambo dogo, jaribu wewe kukitafutia Kiswahili chake. Mwanafunzi hufukuzwa shule. Mwanachama huvuliwa uanachama. Mpangaji hutimuliwa, kuku hufurushwa, mate hutemwa, jipu hukamuliwa, jino hung'olewa. Mwenye Kiingereza chake hubeba neno moja akalizungusha kwenye kazi zote hizo na usiku akalala vizuri. Sisi tuna neno kwa kila aina ya kutoka, halafu anatokea mtu na tai yake kuniambia Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Watu hao wananichemsha damu.

Tuko watatu katika ofisi ya kamusi: mimi, mchapaji, na mhariri mkuu tunayemwita Mzee Nukta, kwa sababu aliwahi kusimamisha kazi ya kiwanda kizima cha uchapaji kwa ajili ya nukta moja. Tuna meza tatu, feni inayozunguka ikijisikia, na kabati la droo sitini. Kila maana ya neno ina kadi yake ya manila. Juu ni neno, katikati ni sentensi ya mfano, na chini kabisa ni mstari wa msemaji: nani kasema, wapi, lini. Hapo chini ndipo Mzee Nukta anapoanzia kusoma. Mfano wa kutunga hautaki hata kuuona.

"Nileteeni sentensi iliyosemwa na mtu mwenye pumzi zake," husema. "Kadi isiyo na msemaji ni umbeya."

Basi kazi yangu ikawa kutega masikio. Mume wangu ni fundi bomba, na siku moja akiwa amelala chali chini ya sinki letu alisema, "Uchafu huu hautoki kwa kubembelezwa, unatolewa kwa presha." Nikachomoa kadi palepale, nikaandika, maana ya tatu ikawa imepata mtu. Jirani alipita kwenye ngazi akisimulia kwamba mwenye nyumba kawatimua wapangaji wa juu hata chai hawakumaliza. Maana ya kwanza hiyo. Mchapaji alinipa kocha aliyefungashwa virago baada ya mechi mbili. Nilikuwa naokota tu, kama mtu aliyeingia shamba lililokwisha vunwa akakuta wenyewe wamesahau nusu.

Maana ya sita nilipewa na Shangazi. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na nane, na Jumapili moja jikoni, akimenya vitunguu, alisema, "Kondo la nyuma halivutwivutwi. Mwili wenyewe hulitoa, ukiwa na subira." Kadi ile aliipenda kuliko picha yake ya kustaafu. Wageni wakija aliwatolea, akawaonyesha mstari wa chini kwa kidole: mkunga mstaafu, jikoni, Jumapili.

"Mimi nimo kwenye kamusi," aliwaambia. "Nyinyi mmo wapi?"

Alikuwa amekuja kwetu kwa wiki sita, baada ya kupasuliwa goti, ili awe karibu na kliniki ya mazoezi. Wiki sita zikazaa miezi saba. Goti likapona, likapanda ngazi, likaanza hata kuitikia muziki wa redio, na bado hakuna aliyetaja safari. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi hakungoja kupewa. Alijitwalia jembe mwenyewe kwa kunipangia kadi zangu kila Alhamisi, nikiwa kazini. Alizipanga kwa namba, akazisoma zote, na nyuma ya kila moja akatia alama ya vema na saa aliyoisoma, kwa penseli, kama alivyozoea kwenye majalada ya wajawazito wake wodini. Kazi yake ilikuwa safi kuliko yangu. Naisema sasa, wakati ule sikuisema.

Tatizo lilikuwa chumba. Nyumba yetu ina chumba chetu cha kulala, sebule, na chumba kimoja kidogo nilichokipigania miaka sita ili kiwe cha kazi. Nina dawati humo, taa nzuri, na mlango unaofungika. Shangazi alipokuja nilimpa chumba hicho kwa mbwembwe zote, na shuka mpya juu. Hakuna aliyenilazimisha. "Hiki ndicho chumba bora nyumbani, Shangazi," nilimwambia, "kina utulivu wake." Mimi na kadi zangu tukahamia meza ya kulia chakula. Maana ya nne ikapata doa la mchuzi. Maana ya pili ilipotea siku tatu, ikapatikana chini ya birika.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na Shangazi ndiye aliyekuja kunichukua, na sare ya kazi bado ikiwa mwilini. Akanipeleka kwenye nyumba za wauguzi, akanipa nusu ya kitanda chake. Sisemi nusu ya chumba, maana kitanda ndicho kilichokuwa chumba. Tulilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni kwake, mpaka nilipomaliza darasa la saba. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba dawati lako limekukumbuka? Nikanyamaza, nikanuna, nikawa navitua vyombo mezani kwa kishindo kidogo zaidi ya inavyohitajika. Mume wangu akiuliza nina nini, namwambia sina kitu.

Ikaja Jumatano ya wiki ya mwisho. Ijumaa asubuhi Bwana Toka alitakiwa awe mezani kwa Mzee Nukta na maana zake zote, na mimi nilikuwa nimekwama kwenye ya tisa: kumtoa mtu mahali bila kumwambia toka, kwa kumfanyia visa vidogo vidogo mpaka ajiondokee mwenyewe. Neno la Kiswahili lilikuwepo. Msemaji ndiye aliyekosekana. Mambo hayo watu huyafanya, lakini hawayasemi, na mimi nisingeweza kusimama sokoni nikingoja mtu akiri. Niliketi mezani, sahani ya mtu mmoja imesukumwa pembeni, redio ya Shangazi ikicheka nyuma ya mlango wangu, juu ya dawati langu. Nikachukua kalamu. Sentensi ilishuka yenyewe, bila kufutwa hata neno moja:

"Hatumwambii aondoke; tunaanza tu kula bila kumngoja, mwishowe ataelewa mwenyewe."

Chini nikajaza: mume wangu, mezani, Jumanne jioni.

Miaka kumi na moja ya kazi, na hiyo ndiyo kadi yangu ya kwanza ya uongo. Nilijiambia ni Jumanne tu, nani atahesabu, nikaitia kwenye boksi pamoja na wenzake nikaenda kulala.

Alhamisi niliporudi kutoka kazini, nilikuta kadi zimepangwa, zimefungwa mpira, zimewekwa katikati ya meza. Shangazi alikuwa amevaa nguo za kutokea.

"Nimezungumza na rafiki yangu, yule aliyekuwa metroni," akasema. "Ana nyumba kubwa, yuko peke yake. Kesho nitapanda basi la saa sita mchana."

"Kesho hii? Utakaa siku ngapi?"

"Tutaona huko huko, mwanangu. Goti limepona, au sivyo?"

Sasa nitasema jambo ambalo sijivunii. Kitu cha kwanza kunifikia kilikuwa furaha. Nilimtakia safari njema kwa mdomo, na kwa macho nilikuwa nimeshafika chumbani, nahamisha kitanda, napima ukuta kwa ajili ya rafu mpya. Jioni hiyo nilipika vizuri kuliko miezi yote saba. Shangazi alikula kidogo, akashukuru, akaingia kulala mapema. Mume wangu ndiye aliyebaki ameduwaa.

"Shangazi nimemkosea nini?" akaniuliza tukiosha vyombo. "Siku zote mimi ni mkwe, mara mwanangu, mara fundi wangu. Leo nimemwambia nitambebea sanduku, ananijibu, 'Usijisumbue, mheshimiwa.' Mheshimiwa! Mimi?"

Nilicheka. Nilimwambia wazee wana vituko vyao.

Ijumaa saa nne Mzee Nukta alikuwa anapitia kadi zangu moja moja, miwani kwenye ncha ya pua. Alizipita nane bila neno, jambo ambalo kwake ni shangwe. Kwenye ya tisa akasimama. Akaisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, mpaka mchapaji akaacha kuchapa.

"Hii," akasema, "hii haitungiki. Mwandishi hawezi kukaa akaitunga. Hii imetoka kwa mtu aliyechoka kweli kweli. Mpe hongera mumeo, ingawa namwonea huruma huyo mgeni."

Akaigeuza ili atie sahihi nyuma, na hapo nikaiona alama ya penseli. Vema, saa nane na dakika kumi. Vema yenyewe ilikuwa imeanza vizuri, mkia wake ukaenda kombo.

Shangazi aliijua sheria ya kadi kuliko mimi. Yeye mwenyewe aliwafundisha wageni: hakuna kilichoandikwa humu ambacho hakikusemwa. Na Jumanne jioni, Mungu wangu, Jumanne jioni alichelewa kliniki, alikoendelea kwenda kila wiki, kwa sababu mashine ya mazoezi iliharibika, na sisi njaa ilikuwa imetushika, tukala. Alipoingia alikuta masufuria yameshafunikwa. Nilikuwa nimeichagua siku hiyo bila kufikiri, au labda nilifikiri. Sina uhakika hadi leo.

"Nipe hiyo kadi," nikasema.

"Sijamaliza kutia sahihi."

"Mzee, hiyo kadi ni ya uongo. Hakuna mtu aliyeisema. Niadhibu Jumatatu."

Nikaichomoa vidoleni mwake. Katika historia ya ofisi yetu hakuna aliyewahi kumpokonya Mzee Nukta karatasi. Nilimwacha mkono uko hewani.

Nilifika nyumbani nikihema. Teksi ilikuwa getini, buti wazi. Sanduku la Shangazi lilikuwa limeshaingia, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, mgongo umenyooka. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni na chupa ya maji ambayo Shangazi alikuwa ameikataa.

"Shangazi, shuka kwanza," nikasema.

"Basi haliningoji, mwanangu."

Nikampa kadi kupitia dirishani. Hakuichukua. Alikuwa anaijua.

"Huyu hakusema maneno haya," nikasema, nikimwonyesha mume wangu. "Hajasema, hajafikiri, hajui hata yameandikwa. Nilikosa mfano, nikatunga, nikamtwisha yeye."

Mume wangu akanyoosha shingo, akasoma. "Mimi nimesema hivyo?" akauliza. "Jumanne? Jumanne mimi si ndiye niliyesema tumngoje?"

Kweli. Alisema. Nilikuwa nimesahau.

Shangazi akavaa miwani yake polepole, akamwangalia mume wangu kwa muda, akamwambia, "Nisamehe, mkwe wangu." Mume wangu akaegemea teksi kwa nafuu. Kisha miwani ikageuka kwangu.

"Kwa hiyo kadi zenu zinadanganya."

"Hii moja tu."

"Kaitunga nani?"

"Mimi."

"Umeitoa kwenye kichwa cha nani?"

Nimezungukwa na maneno tangu utotoni, nalipwa kwa maneno, na sikupata hata moja la kujifunikia.

"Changu," nikasema.

"Basi imesemwa," akasema Shangazi. "Umekosea mstari wa chini tu."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilianza kulia pale getini, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na nikaona aibu kwa kulia kwa sababu ningependa alie yeye nami nimbembeleze. Dereva wa teksi alishuka, akauliza kwa adabu, "Samahani mama, mzigo unaenda au unarudi?"

"Unangoja," akasema Shangazi. Akafungua mlango, akatoa miguu nje, akabaki ameketi ukingoni mwa kiti. "Haya. Mimi nimewazalisha wanawake waliokuwa wananiambia hawasikii uchungu wowote, huku wameng'ata shuka. Mficha uchi hazai. Kwenu ni methali, kwangu ilikuwa ni zamu ya usiku. Niambie unataka nini, usinipambie."

"Nataka chumba changu," nikasema.

"Enhe."

"Nakitaka sana. Nimechoka kufanya kazi kwenye mchuzi. Nimekuwa nakukasirikia kila ukiwasha ile redio. Na sitaki uondoke. Ukiondoka hivi nitakuwa nimekufukuza, na mimi sina mtu mwingine aliyenipa nusu ya kitanda."

"Unataka chumba, na unanitaka mimi."

"Vyote viwili."

"Miezi saba imekushinda kusema maneno hayo? Ndiyo hayo tu?"

"Nilidhani utaumia."

"Kwa hiyo ukaona bora niyasome." Akatikisa kichwa. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaanza kucheka, kidogo kwanza, kisha mabega yote. "Sikiliza na mimi nikwambie langu, maana leo ni siku ya kutapika. Chumba chako sikipendi."

"Hukipendi?"

"Tangu siku ya kwanza. Mchana ni tanuri. Halafu huo utulivu wako unaniua. Nimelala wodini na vichanga vinalia, nimelala na wewe unanipiga mateke, leo unaniweka mahali ninapomsikia mjusi akitembea! Redio unadhani naisikiliza? Naiwasha ili pawe na mtu. Lakini ulinipa kwa heshima kubwa, na shuka mpya, nikasema nani mimi nimwambie mtoto chumba chake kibaya. Nikavumilia."

Mume wangu alituangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anavyoyaangalia mabomba yaliyofungwa na fundi mwingine.

"Yaani miezi saba," akasema, "yule anakitaka hakipati, na huyu anacho hakitaki."

"Wewe nawe tulia, ulikuwa mheshimiwa jana tu," akasema Shangazi. "Dereva, teremsha mzigo."

Siku ile ile mume wangu alikata bomba jembamba, akalifunga kutoka ukuta hadi ukuta kwenye kona ya sebule, akatundika pazia. Shangazi alilikagua, akaliacha wazi. Kitanda chake kilielekea meza ya kulia, jiko, na mlango wa mbele, akawa anamwona kila anayeingia na kutoka. Alimpigia simu metroni akamwambia atakwenda kumtembelea mwezi ujao, kwa siku kumi, na tiketi ya kurudi. Mimi nilimpigia Mzee Nukta, nikaungama yote, nikangoja kufukuzwa kazi kwa maana ya kwanza.

"Sentensi ni nzuri," akasema. "Badilisha msemaji."

Nikabadilisha. Niliandika: mimi, mezani, Jumatano. Nikaipeleka kwa Shangazi kwanza, akaisoma, akaitia vema nyuma na saa yake.

Jumamosi asubuhi niliingia chumbani kwangu nikafunga mlango. Dawati lilikuwa lilelile, taa ileile, hakuna sahani popote. Nilizipanga kadi za kitenzi kipya, nikaketi, nikashika kalamu. Humo ndani kulikuwa kimya kabisa. Nje ya mlango Shangazi alikuwa anamwambia mume wangu jambo kuhusu mwanamke aliyejifungua kwenye lifti, na mume wangu alikuwa anauliza ghorofa ya ngapi, kisha wote wawili wakaangua kicheko. Sikusikia mwisho wake. Niliandika mstari mmoja, nikaufuta. Wakacheka tena.

Nilivumilia dakika ishirini. Kisha nikakusanya kadi zangu, nikatoka nazo kifuani, nikasimama mbele ya meza iliyojaa vikombe. Hakuna aliyeniuliza kitu. Shangazi aliendelea na hadithi yake, na kwa mguu akanisogezea kiti.